Mkanda wa Tano Niliouonyesha Bila Kuuona

Mkono wangu wa kulia bado unajua kazi ambayo siku hizi haifanywi tena. Nikikaa mbele ya televisheni na wajukuu, jicho linakwenda lenyewe kwenye kona ya juu ya picha, upande wa kulia, kutafuta nukta. Nukta haiji. Mjukuu wangu Idrisa huniuliza kwa Kiingereza natazama nini pale, nami humjibu kwa Kiswahili kwamba natazama kazi. Basi anacheka. Nyinyi mliozaliwa hapa Toronto mnasikia Kiswahili chote na mnajibu kwa lugha yenu, na mimi sina ugomvi. Ila haya nayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu aliyekuwa akinirekebishia Kiingereza changu hayupo tena. Mkikwama, muulizeni mama.

Nilikuwa fundi wa kuonyesha sinema, miaka mingi Tanga na miaka mingi hapa. Shule yangu iliishia darasa la saba. Ninachokijua nimekijua kwa vidole na masikio.

Zamani sinema ndefu haikuja nzima. Ilikuja katika mikanda mitano au sita, kila mkanda ndani ya kopo lake la bati, bapa na pana kama sinia, na kila mmoja ulikwenda dakika kama ishirini. Chumba cha fundi kilikuwa juu, nyuma ya watazamaji, na ndani yake mashine mbili zimesimama bega kwa bega. Mkanda wa kwanza unakwenda kwenye mashine ya kushoto, wa pili unasubiri kwenye ya kulia. Wa kwanza ukikaribia kuisha, inatokea nukta ndogo kwenye kona ya picha, kufumba na kufumbua. Nukta hiyo inakwambia uwashe mota ya mashine ya pili. Unahesabu kama sekunde saba, inatokea nukta nyingine. Hapo unafunga taa ya huku na kufungua ya kule kwa pigo moja. Ukifanya sawasawa hakuna anayejua. Wazazi wenu walitazama sinema mamia na hawakuiona nukta hata moja, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu.

Aliyenifundisha ni Mzee Kassamali wa Tanga, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema, "Watu wakikumbuka kwamba upo, umeshaharibu." Mwaka wangu wa kwanza nilipakia mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Bwana aliyekuwa amezikwa akarudi kuoa. Watu wa Tanga wakampigia makofi, wakidhani ndivyo ilivyo. Kassamali hakunipiga. Alinipa kipande cha chaki akasema, "Kuanzia kesho andika namba juu ya kopo. Na leo nenda ukamzike tena yule bwana wa watu." Tangu siku hiyo hakuna kopo lililopita mkononi mwangu bila namba.

Vidole navyo vina kazi yake. Kabla ya kuonyesha, unauzungusha mkanda taratibu huku ukingo wake unapita katikati ya kidole gumba na cha shahada. Tundu lililochanika utalihisi kabla ya kuliona. Na pua pia. Mkanda uliozeeka vibaya unanuka siki, na umesinyaa, kwa hiyo matundu yake hayakai vizuri kwenye meno ya mashine. Mashine yenye afya inalia kama cherehani. Ikianza kukohoa, kaa nayo karibu, usiende popote.

Nayasema haya ili mfahamu nilichokosea Jumapili ile.

Ilikuwa miaka ya tisini, theluji imeshakuwa tope kando ya barabara. Tulikuwa tunakaa Parkdale, ghorofa ya nne, mimi na Zuhura mke wangu na Aisha, mama yenu, akiwa bado shule. Nilifanya kazi katika jumba kuukuu la sinema mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Mwenye jumba alikuwa Mgiriki mmoja aliyelikodisha mchana wa Jumapili kwa yeyote: harusi, mahubiri, mikutano.

Zuhura alikuwa anafanya usafi katika nyumba ya wazee. Marafiki zake wote aliwapata sehemu moja, chumba cha mashine za kufulia chini ya jengo letu. Huko ndiko alikokutana na Luz, Mfilipino aliyehamia kwa binamu yake ghorofa ya pili. Siku moja Zuhura akapanda na kapu la nguo, hata hajaliweka chini akaniuliza.

"Baba Aisha, wewe unaonyesha sinema za watu wanaorushiana risasi tu?"

"Naonyesha zinazoletwa."

"Basi italetwa nyingine."

Luz na wenzake, wengi wao wafanyakazi wa majumbani, walikuwa wamemwalika mkurugenzi wa sinema kutoka kwao. Nitamwita Mang Dado kama walivyomwita wao. Mang kwao ni kama Mzee kwetu. Sinema zake zilikuwa za watu wanaoishi kandokando ya reli na chini ya madaraja ya Manila, na hakuishia kuwapiga picha. Serikali ilipokuja kuwabomolea, alisimama nao mbele ya matingatinga, na alifungwa mara mbili. Nilimuuliza Luz kama ni mkurugenzi mzuri. Luz akasema, "Kwetu hatuulizi kama sinema yake ni nzuri. Tunauliza kama ametoka."

Alikuja Ijumaa, nywele nyeupe, koti la kuazima linalomfika magotini. Makopo manne yalikuwa kwenye sanduku. La tano alilikumbatia, limefungwa kwa taulo. Ofisi ya kwao inayokagua sinema ilikuwa imemwambia autoe mkanda wa tano ndipo waipitishe. Alikataa, sinema ikafungiwa, naye akawa anaibeba mwenyewe kutoka ukumbi hadi ukumbi, nchi hadi nchi.

Nilianza kuupitisha mkanda vidoleni. Yeye akaketi juu ya kigoda changu na kuuliza maswali. Tanga watu walikaa wapi, wanawake walikuja, walinunua nini mlangoni, walizungumza wakati sinema inaendelea? Nikamwambia walizungumza sana, wengine walimwonya mchezaji kwamba adui yuko nyuma yake. Akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa zawadi.

"Vizuri. Sasa sikiliza," akasema. "Kila mkanda ukiisha, simamisha. Washa taa za ukumbini. Watu wazungumze. Kisha endelea."

Nikadhani sijamsikia. "Mzee, nina mashine mbili. Hakuna haja ya kusimama."

"Najua. Zamani nilikuwa na moja, tunaonyesha kwenye viwanja huko kwetu. Nikibadilisha mkanda watu wanaanza kubishana kuhusu walichokiona. Nani alaumiwe, nani angefanya nini. Ubishi wao ulikuwa bora kuliko sinema yangu. Nilipopata mashine mbili nikaona nimepoteza kitu."

"Skrini ikiwa nyeupe watu watajua kuna fundi."

"Nani aliyekwambia usijulikane?"

Nikamtajia Kassamali. Akasema, "Alikuwa fundi kuliko sisi wote. Lakini Jumapili simamisha."

Usiku huo Zuhura alinieleza kilichokuwa nyuma ya agizo hilo. Sheria ya wakati ule ilimtaka mfanyakazi wa nyumbani aishi na kufanya kazi miaka miwili kwenye nyumba ya waajiri ndipo aombe karatasi za kukaa nchini. Luz alikuwa ametimiza. Lakini nyumba yake ya kwanza, alikotoka kwa ugomvi, ilisema hakuwahi kuwa mfanyakazi wao, kwamba alikuwa mgeni aliyekaa wiki chache. Bila miezi ile hesabu haitimii, na barua ya shahidi ilitakiwa ofisini Jumatatu. Akirudishwa kwao, binti yake wa miaka sita aliyebaki kwa bibi asingekuja tena. Shahidi alikuwa mmoja tu, mwanamke aliyekuwa akikutana naye kila siku kwenye bustani ya mtaa ule, kila mmoja na watoto wa tajiri wake. Luz alimjua kwa jina la utani, Nene, na kwa koti lake la njano. Jina la ukoo hakulijua, wala alikohamia. Alijua tu kwamba Jumapili ndiyo siku ya mapumziko ya wote, na kwamba hakuna Mfilipino atakayekosa kuja kumwona Mang Dado.

"Luz ana haya," Zuhura akasema. "Mzee amemwambia asimame amwulizie Nene mapumziko ya tatu. Ya kwanza na ya pili watasema wale wanaosema kila siku. Ya nne wengi watakuwa wameondoka kuwahi mabasi. Ya tatu, Baba Aisha. Usije ukasahau."

"Mimi ni mtoto?"

"Sijasema hivyo. Nimesema usisahau."

Jumapili ukumbi ulijaa. Zuhura alikaa mlangoni akichana tiketi. Nikaanza.

Mkanda wa kwanza ukaisha, nikasimamisha na kuwasha taa. Weupe ule wa skrini ulinikera kama mtu aliyetoka bila shati. Lakini chini watu walianza. Mwanamume mmoja akasema mume kwenye sinema ni mjinga. Mwanamke nyuma yake akasema, "Unamjua wapi, ni kaka yako?" Wakacheka, wakabishana, nikaendelea. Mapumziko ya pili walibishana zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Fundi hatazami sinema. Anatazama kona. Miaka yote ile nilikuwa nimeona nukta ya kwanza na ya pili mara nyingi kuliko mwanzo na mwisho wa hadithi. Lakini mabishano ya watu wale yalinitia hamu ya kujua. Kwenye mkanda wa tatu nikaweka uso kwenye kidirisha na kutazama. Ilikuwa habari ya mfua nguo anayekaa kandokando ya reli, na mumewe aliyekosa kazi hadi akakubali kibarua cha kubomoa nyumba, bila kuambiwa ni mtaa gani. Ni kwenye mkanda wa tatu anapoambiwa. Nilikuwa nimesahau nilipo. Nilikuwa natazama uso wa yule bwana akisomewa majina ya vichochoro anavyovijua.

Nukta ikatokea, mkono ukawasha mota. Nukta ya pili, mkono ukafunga huku na kufungua kule. Ulikuwa ubadilishaji safi kuliko yote niliyowahi kufanya. Mkanda wa nne ukaanza, na ukumbini, katikati ya njia, nikamwona Luz amesimama gizani na karatasi mkononi. Mtu nyuma yake akamwambia akae. Akakaa.

Nawaambieni kweli, sikusimamisha hapo hapo. Ningeweza. Kufunga taa, kuzima mota, kuwasha za ukumbini, sekunde tatu. Nikajiambia mkanda umechoka, ukisimamishwa katikati utachanika. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ilikuwa aibu. Nilitaka kosa langu lipite bila kuonekana, kama nilivyofundishwa. Nikasema moyoni, atasimama mapumziko ya nne. Nikakaa dakika ishirini nikitazama migongo ya watu wakiinuka mmoja mmoja, wanavaa makoti, wanatoka kuwahi mabasi.

Mkanda wa nne uliishia kwa yule bwana amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe, nyundo kubwa begani, na mkewe ndani anafua, hajui. Nikasimamisha. Taa zikawaka. Luz akasimama. Sauti haikumtoka vizuri, lakini alisema yote: nyumba, mtaa, bustani, Nene, koti la njano.

Mwanamke mmoja akasema, "Nene anayekaa kule Markham? Alikuwa amekaa hapa pembeni yangu. Ametoka sasa hivi."

Sikuwahi kuacha chumba cha mashine katikati ya onyesho. Siku ile nilishuka ngazi kama nyumba inaungua. Mlangoni Zuhura hayupo, kiti kitupu, tiketi zimemwagika. Nikatoka nje na shati tu.

Tramu ilikuwa imesimama kituoni, milango wazi, na abiria wanachungulia madirishani. Mke wangu alikuwa amesimama mguu mmoja kwenye kidato cha tramu na mwingine kwenye tope la theluji, kanga kichwani, hana koti. Ndani alikaa mwanamke aliyevaa koti la njano, amejikunyata.

"Mama, panda au shuka," dereva alikuwa anasema.

"Sipandi wala sishuki," Zuhura akamjibu. "Namsubiri mume wangu."

Akaniona. "Huyo hapo. Amechelewa mkanda mzima."

Nikamwambia yule dada, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba kosa ni langu, kwamba Luz alikuwa asimame kabla yeye hajatoka, na mimi sikusimamisha mashine.

"Sikujua kama ni yeye," akasema. "Kulikuwa giza." Kisha akasema polepole, "Lakini mama wa nyumba ninayofanya kazi anajuana na wale watu. Na natakiwa kurudi saa kumi na mbili."

Zuhura akamwuliza, "Ulimwona pale bustanini, au hukumwona?"

"Nilimwona."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Basi sema hayo tu. Usiongeze."

Dereva akasema, "Mabibi, nina ratiba." Nene akachukua mfuko wake akashuka. Tukarudi ukumbini. Zuhura miguu yake ilikuwa imeloa hadi kwenye vifundo.

Nene alisimama mbele ya skrini nyeupe, koti hajalivua. Akasema alimwona Luz kuanzia theluji ya mwaka ule hadi theluji ya mwaka uliofuata, akisukuma kigari chekundu cha mtoto ambacho gurudumu lake moja lilikuwa linalia, na kwamba mara mbili alimpa mafuta ya cherehani alipake. Watu wakacheka. Luz hakucheka. Alifunika uso kwa karatasi yake.

Nikapanda juu, kuna sinema ya kumaliza. Mkanda wa tano ndio uliokuwa mbovu kuliko yote, kwa kufichwa na kubebwa. Dakika ya pili mashine ikaanza kukohoa. Nikaweka kiganja karibu na pale mkanda unapopinda, nikaufuata kwa kidole, nikiupa nafasi kila unapokaza. Dakika ishirini nilisimama hivyo, mgongo kwa kidirisha. Nilisikia mtu mmoja chini analia, kisha makofi. Haukuchanika.

Mang Dado alipanda ngazi akihema. "Umeuonaje mwisho?"

Ningeweza kusema ni mzuri. Nikamwambia, "Sikuuona. Nilikuwa nimeushika."

Alicheka hadi akakaa chini. "Ofisi nzima ya kwetu imeshindwa kuuzuia usionekane," akasema, "na aliyeuonyesha ndiye hakuuona." Kuhusu mapumziko ya tatu nikaomba radhi. Hakuniambia si kitu. Alisema, "Ulisimamisha ya nne. Na ukashuka." Jioni ile ile alipanda basi la Montreal na kopo lake kwenye taulo.

Nyumbani Zuhura alikuwa anakaanga samaki. Nikamwuliza, yule bwana na nyundo, aliishia wapi? Hakugeuka. Akasema, "Aliiweka chini. Mkewe akatoka na beseni, akamwona. Hakumwuliza kitu. Akampa beseni la pili. Wakaanika nguo wote wawili kwenye kamba mbele ya nyumba, na msimamizi amesimama na karatasi yake anawangoja. Wakaanika mpaka zikaisha." Nikauliza, nyumba je? Akasema, "Picha iliishia kwenye nguo." Nikaona ni mwisho mzuri. Nimeuhadithia mara nyingi, kazini na msikitini, kama mtu aliyeuona.

Luz alipata karatasi zake. Binti yake akaja, na baada ya miaka Mang Dado akafariki kwao. Makopo yalikokwenda sijui. Mashine zangu zilitolewa, ikaja kompyuta isiyohitaji nukta, kisha jumba lenyewe likawa duka la samani. Mimi tangu Jumapili ile, kila nilipofanya kosa, nilizoea kushuka na kuwaambia watu: ni mimi, nisameheni, ngojeni kidogo. Hakuna aliyewahi kunirushia kitu. Kama kuna la kuchukua katika kazi yangu, chukueni hilo. Kosa likitokea, simamisha pale pale, washa taa. Usingoje mkanda uishe.

Zuhura alifariki mwaka jana. Kwenye arobaini yake Luz alikuja na binti yake, ambaye sasa ni muuguzi. Watu walipopungua tukakaa jikoni tukamkumbuka na mguu wake kwenye tramu. Nikasema hata mwisho wa ile sinema aliuhadithia vizuri kuliko mtu yeyote, nguo kwenye kamba, msimamizi anangoja.

Luz akaniangalia. "Nguo gani?"

Nikamweleza.

"Baba Aisha," akasema taratibu, "Zuhura hakuona mkanda wa tano. Tulikuwa naye nje mlangoni, mimi na yeye na Nene. Nene aliandika ile barua pale, kwenye meza ya tiketi. Zuhura alimshikia karatasi isiteleze. Tulipomaliza watu walikuwa wanatoka."

Nilikuwa naona mgongo wa Zuhura kwenye jiko, samaki wanalia mafutani, na yeye anafikiri haraka afanye nini na yule bwana na nyundo yake, kwa ajili yangu.

"Watu walituambia mwisho wa kweli," Luz akasema. "Unataka nikwambie?"

Kwa zaidi ya miaka ishirini na tano nilidhani naujua. Kweli nataka kuujua. Nikamwambia angoje, tuzungumze kwanza, mkanda wa nne ndio umeisha sasa hivi, na taa zinawaka.